Meno ya Ukoo

Bombambili, Songea
4 Februari 2024

Dada Lukresia, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Sasa hivi Aidan kafanya jambo lililonifanya niache vyombo kwenye beseni nitafute kalamu. Noela alikuwa amekaa mkekani anasoma, kitabu mkono huu, kidole gumba cha mkono ule mdomoni, kama kawaida yake. Aidan akatambaa mpaka pale, akamtazama sana, akajiegemeza kwenye goti lake, na yeye akatia kidole mdomoni. Wakatulia hivyo wote wawili, mmoja hajaanza hata kutembea, mwingine yuko kidato cha kwanza. Nikataka kucheka. Halafu sikucheka.

Huku hatujambo. Saimon yuko kwenye bodaboda yake, mvua inamtesa, kila jioni nafua koti lile lile na asubuhi linavaliwa bichi. Mwanao Noela, nakushukuru sana kunipa. Anaamka kabla yangu, anachota maji, mtoto anamlilia yeye kuliko mimi. Kwa hiyo usinielewe vibaya kwa haya nitakayosema. Nakuandikia kwa sababu simu yenu inakaa chumbani kwa mama mkwe wako kwenye sola, na najua akipokea anaweka sauti ya nje hata kuku wanasikia. Barua nampa Osmund, kondakta wa basi la Njombe, atakuachia dukani hapo Madaba.

Dada, kidole hiki kimeanza lini? Mimi nilijua alikuwa ananyonya akiwa mdogo, nikadhani kiliisha. Hakijaisha. Ananyonya akisoma, akilala, akiwa na mawazo. Kidole chenyewe kimefanya sugu na kimebonyea. Meno ya juu yametoka mbele mpaka midomo haifungi, na ya chini yamelala kwa ndani. Nimempa muhogo wa kuchemsha nikaona anaung'ata kwa pembeni kama mbuzi, nikamwambia ng'ata kwa mbele. Akanionyesha. Ya juu na ya chini hayakutani, ulimi unapita katikati. Usiku analala mdomo wazi, asubuhi midomo imepasuka.

Shuleni wanamwambia, “Noela, tufungulie soda.” Amenisimulia mwenyewe huku anacheka, lakini nimeona anavyocheka, ameweka daftari mdomoni. Mwalimu wa Kiswahili akimsimamisha asome anasema anaumwa koo.

Naomba ruhusa yako nimpeleke hospitali kwa daktari wa meno. Mimi nina matumaini, bado ni mtoto, mifupa yake haijakomaa. Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Hilda


Madaba
3 Machi 2024

Mdogo wangu Hilda, milele amina. Marahaba.

Barua ilikaa dukani, mvua ilikata njia ya kwetu. Tuko wazima, tumechoka tu. Palizi ya pili tumemaliza jana, maharage tutapanda wiki hii Mungu akipenda. Shemeji yako Kajetani mgongo unamsumbua lakini hasemi. Mama mkwe hajambo, anamuulizia mjukuu wake kila siku, nyumba yake imepoa tangu Noela aondoke, maana walikuwa wanalala kitanda kimoja.

Kuhusu meno, usimpeleke kokote. Hayo ni meno ya ukoo wao. Mama mkwe anayo, na mama yake alikuwa nayo. Mtu haendi hospitali kwa kufanana na watu wake. Kidole mpake pilipili usiku, ataacha. Na hao wanaomcheka watachoka.

Msalimie Saimon. Aidan mvalishe soksi.

Dada yako,
Lukresia


Bombambili
24 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Aidan ameanza kusimama, anashika kiti anatetemeka, halafu anajipigia makofi anaanguka. Saimon ameuza ile pikipiki ya zamani, sasa anaendesha ya mwenzake Rupert, wanapokezana.

Pilipili nilimpaka. Sitampaka tena. Alijisahau akasugua macho, tukamwagia maji mpaka saa za watu kulala, jicho likavimba, shule hakwenda. Wala hakunilaumu. Aliniambia, “Mama mdogo, mimi huwa sijui kama nimekitia. Nikishtuka kimo.” Nikamuuliza nyumbani mama alikuwa anakufanyaje. Akasema, “Mama alikuwa ananiona. Ananifunika shuka tu.” Nimeshangaa kidogo, dada, maana wewe ndiye uliyenichapa mimi kwa kung'ata kucha.

Sasa habari njema. Mimi sikumpeleka hospitali, nilikutii. Ila madaktari wa meno walikuja shuleni kwao kuwapima, na wazazi wa baadhi wakaitwa, mimi nikiwemo. Kumbe si Noela peke yake. Wapo wanaofungua soda kwa meno kweli mpaka jino limekatika kipande, wapo wanaotafuna vifuniko vya kalamu, wapo wanaong'ata kucha na midomo mpaka damu. Daktari ni mama wa makamo, mpole, sauti ya chini. Alimwambia Noela aume meno, akapitisha kijiti pale mbele kikapita bila kugusa. Akanionyesha na huko juu kwenye kaakaa, pamekuwa pembamba na pamepanda kama paa la kanisa. Nikamwambia, daktari, haya ni meno ya ukoo. Akatikisa kichwa. Akasema, “Mama, haya hayakurithiwa. Yamesukumwa.” Akaniwekea kidole chake chini ya kidole changu, akasukuma taratibu, akasema fikiria hivi kila usiku tangu utotoni.

Dada, yanarekebishika! Kwanza aache kidole, hilo ndilo la kwanza na bila hilo hakuna la pili. Wakati huo huo apumue kwa pua, ajizoeze kufunga mdomo. Halafu atatengenezewa kifaa cha waya cha kurudisha meno pole pole. Alisema kwa umri huu bado mifupa inasikia, akichelewa sana itakuwa kazi nyingine. Tena meno yaliyotoka mbele hivyo, akianguka tu yanavunjika.

Kwa furaha nilishindwa kungoja Osmund. Nikapiga simu pale pale getini pa shule, akapokea mama mkwe wako. Nilimwamkia, nikamwambia, mama, furahini, daktari amesema meno ya Noela si ya ukoo, ni kidole tu, yatarudi. Halafu akauliza, “Si yetu?” Nikasema siyo, mama, siyo kabisa. Akasema sawa, akakata. Nadhani alihurumia salio langu.

Tuma neno lako, dada, maana daktari anataka kujua kama mzazi amekubali.

Hilda


Madaba
19 Mei 2024

Hilda,

Marahaba. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Sikuwa na nguvu ya kuandika. Mahindi yanakauka, nyani wanatusumbua, ninalinda mwenyewe mchana kutwa.

Ungeniuliza kwanza. Ungeniuliza kabla ya kushika hiyo simu.

Wewe wakati ule ulikuwa mdogo, upo kwa shangazi, hukuyajua haya, na mimi sikuona haja ya kukuambia. Kajetani alikuwa Mbinga kwenye kahawa msimu mzima. Aliporudi, Noela akazaliwa kabla ya wakati wake. Watu walihesabu kwa vidole, wakahesabu tena. Mama mkwe hakusema neno baya, hapana. Alileta uji, alileta kuni. Ila mtoto hakumbeba. Nilimweka mkekani karibu yake akahamisha kigoda. Miaka ikaenda hivyo. Kajetani hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu, kwa sababu mtu ambaye hajaulizwa anajibu nini?

Halafu meno ya utoto yakang'oka, yakaota haya ya ukubwani, na yakaja mbele. Siku hiyo watu wamekaa hapa uani wanakunywa pombe ya ugimbi baada ya mavuno. Mama mkwe akamwita, akamshika kidevu, akageuza uso wake kwa watu. Akasema, “Nani ana la kusema tena? Tazameni mdomo wake, mtazame na wangu.” Akampakata. Mtoto mkubwa vile, miguu inafika chini, akapakatwa kwa mara ya kwanza na bibi yake. Tangu siku hiyo amelala kwake.

Sasa umempigia simu ukamwambia siyo kabisa.

Hali chakula nilichopika. Anapika chake, nyuma ya nyumba. Kajetani anaona, anadhani tumegombana mambo ya wanawake. Noela likizo hii asije. Mwambie nauli imekosekana. Na mambo ya waya yaishie hapo.

Uliloandika kuhusu shuka nimelisoma.

Lukresia


Bombambili
16 Juni 2024

Dada, shikamoo. Nisamehe. Sijui niandike mara ngapi ndipo itoshe.

Aidan anatembea. Nilitaka nikupe kwa furaha lakini nakupa tu hivyo. Baridi imeanza, Noela amemfumia kofia.

Sikumwambia Noela uliyoniandikia. Nilimwambia nauli, kama ulivyosema. Lakini unajua kila Jumapili baada ya misa humpigia bibi yake kwa simu ya Saimon. Jumapili ile alipiga akiwa uani, mimi napepeta mchele, nikamwona anasikiliza, halafu akairudisha simu kwa Saimon kama kitu cha moto. Nikamuuliza bibi anasemaje. Akasema, “Amesema nikishapona meno niwaambie nitafanana na nani.”

Akaingia ndani. Mtoto huyu si mjinga, dada. Hakuniuliza maana yake.

Alikuwa ameanza kuacha. Sijakuandikia hilo kwa sababu ulisema mambo haya yaishe, lakini alikuwa ameanza. Tulishona mfuko wa kitambaa, anavaa mkononi akilala, anaufunga mwenyewe kwa meno na mkono mwingine. Asubuhi nyingi tulikuta uko vile vile, alikuwa ananionyesha. Sasa mfuko amempa Aidan achezee. Na kidole anakinyonya mchana, dada, macho wazi, si kwa kujisahau tena. Nimemkuta amekaa kitandani ameegemea ukuta, amekisukuma juu kwa nguvu, uso umekaza kama mtu anayefua nguo nzito. Nikamwambia Noela, mwanangu, toa. Akatoa ili anijibu tu. Akasema, “Yakirudi ndani, mimi nitakuwa wa wapi?” Akakirudisha.

Nilikaa naye. Mimi niliishia darasa la saba, maneno makubwa sina, nikamsugua mgongo mpaka akasinzia.

Dada, sikuulizi lolote la zamani. Mbele za Mungu sikuulizi. Lakini huyu mtoto anajiharibu mdomo ili awe na kwao. Usiniambie yaishe. Mwandikie yeye neno, hata moja. Au njoo.

Hilda


Madaba
21 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma shambani, nikaikunja, nikaisoma tena. Kuja siwezi, mahindi yako uani na wa kuyapukuchua ni mimi. Kumwandikia nimejaribu. Nilianza na “Mwanangu Noela” nikafika hapo.

Nikuambie lililotokea. Alhamisi tulikuwa tunapukuchua, sisi na majirani, mama mkwe upande wake. Kajetani akauliza mbona mtoto hakuja likizo wakati nauli ya kuja alishaitoa yeye mwenyewe. Mama mkwe ndiye akajibu, mbele ya watu wote. Akasema daktari wa mjini ameshasema yale meno si yetu, kwa hiyo mtoto aende kwa wenye meno yao.

Kila mtu aliangalia mahindi yake. Kajetani aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe, akalitupa kwenye rundo. Akasema, “Mama, huyo nilimbeba mgongoni kwenda kliniki hajaota hata jino moja.” Akachukua gunzi lingine. Basi. Tukapukuchua mpaka giza likaingia.

Mimi hakuniambia kitu. Usiku alilala ameelekea ukutani kama siku zote, kwa ajili ya mgongo. Leo asubuhi amenyoa ndevu, ameniomba ile shati ya kanisani, amesema akimaliza kuuza magunia ya kwanza anakuja Songea kumwona huyo daktari. Sijui anakuja na moyo gani. Nimeishi naye miaka yote hii, Hilda, na sijui.

Mpokee vizuri. Anapenda chai isiyo na tangawizi.

Lukresia


Bombambili
18 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Barua hii anakuja nayo shemeji mwenyewe, wala sina gundi ya kuibandika, kwa hiyo naandika yale ambayo hata yeye akiyasoma ni sawa. Anasubiri basi hapo nje na Saimon, wanabishana mpira, na mimi naandikia juu ya ndoo.

Alifika Ijumaa jioni. Noela alipomwona alimpokea mzigo, akampigia goti, halafu akaenda jikoni akakaa huko. Shemeji hakumwita. Alikunywa chai, akauliza, “Mtoto wangu anakula nini huko jikoni?” nikasema makande, akasema basi na yeye atakula makande jikoni. Wakala huko wawili. Sikusikia walichoongea.

Jumatatu yake tukaenda hospitali, sisi watatu. Tulikaa sana kwenye foleni. Noela alikuwa katikati yetu ameinama, mkono ameukalia ili usipande. Tulipoingia, daktari yule yule, akamtazama mdomo, akaona hali imerudi nyuma. Hakumgombeza. Akatuuliza nyumbani kuna nini. Shemeji akatazama ukuta.

Sasa mimi, dada, na huu mdomo wangu, nikaona nirekebishe nilichoharibu. Nikamwambia daktari, samahani, haiwezekani meno yakawa ya kidole na ya ukoo pia, yote mawili kwa pamoja? Maana bibi yake mzaa baba anayo hivi hivi. Nilitaka tu aseme inawezekana, nije nikupigie, mambo yaishe. Daktari akaweka kioo chini, akaanza kusema kwamba taya mtu anaweza kurithi, na kidole kikaongezea, ila ili kujua kipi ni kipi ingebidi…

Shemeji akamkatisha. Unajua yeye hakatishi watu. Akavua kofia, akaishika hivi kwa mikono miwili. Akasema, “Daktari, sikuja kuuliza ni ya nani. Nimekuja kuuliza kama itamuuma.”

Daktari akamtazama, akasema itamuuma kidogo, mzee, siku za mwanzo, kama jino likitaka kung'oka, halafu atazoea. Shemeji akasema, “Usiku pia?” Akasema hata usiku, kidogo. Shemeji akamgeukia Noela, akamwambia, “Umesikia? Kidogo.” Noela alikuwa anamwangalia baba yake, dada, na mdomo wazi, nadhani alisahau kuufunika.

Basi wakamchukua vipimo. Wanakoroga kitu kama uji mzito, wanakiweka kwenye bati dogo, wanakibandika juu kwenye meno mpaka kigande. Noela alitaka kutapika, machozi yakamtoka, akamshika shemeji shati hiyo ya kanisani akaikunja yote. Naomba usimwulize ilivyochafuka. Kifaa kinatengenezwa nje ya mkoa, kitachukua muda, wameahidi watapiga simu. Daktari alisema hata kikija, kidole kikirudi ni kazi bure, tena inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua zaidi. Hakutudanganya.

Simwambii mtu kwamba ameacha. Juzi usiku nilimkuta nacho. Jana pia, kidogo, akashtuka akatoa mwenyewe, akageuka upande wa pili. Lakini mchana hanyonyi tena kama mtu aliyepewa kazi.

Nimemuuliza shemeji kama mama yake ametuma salamu zozote kwa Noela. Akasema hapana. Nikamuuliza mama yake alisemaje alipomuaga. Akasema mama alimpa mahindi ya kukaanga ya njiani, kisha shemeji akaongeza, “Hayo na mimi sikuuliza ni ya nani.” Akacheka kidogo, dada. Sikuwahi kumwona shemeji anacheka. Na yeye meno yake ya mbele, sikuwahi kuyaona vizuri mpaka leo, lakini hayo niyaache.

Krismasi anataka Noela aje huko, na waya wake mdomoni kama utakuwa tayari, na atakayetaka kumtazama amtazame. Mimi naogopa kidogo. Ninachokuomba wewe ni kimoja. Lile la zamani lina watu wake, sikuulizi. Ila siku hiyo akishuka kwenye basi, bibi asipotoka nje kumpokea, wewe utoke. Acha ulichoshika, utoke mpaka barabarani watu wakuone, umwite jina lake kwa sauti, na ukiona anainua mkono kuficha mdomo, wewe mshike huo mkono umwambie… Ngoja, dada, shemeji ananiita, gari limefika. Hapo malizia wewe.

Hilda